Tumeitwa Jiji, Hela Ziko Wapi?

Barua za wiki hii karibu zote ni za pesa, na sio pesa za mapenzi kama zile za mwezi jana (zile zimeisha jamani, msinitumie tena), ni pesa za serikali, nani anapewa, kwa nini, na mbona mtaa wetu bado uko vile uko. Ilianza na mama mmoja wa Eldoret, nikaona nichague na zingine zinazofanana na yake nizijibu kwa mkupuo. Kuna hesabu kidogo mtaniwia radhi, hata mimi nimekaa na kikokotoo mpaka chai ikapoa.

*Mjomba hujambo. Mimi nauza mitumba hapa Eldoret, huu ni mwaka wa kumi na moja. Agosti 2024 tulifunga kazi tukaenda kuona Rais akitupea ile chata (hati ya kuitwa jiji), tukaimba, tukarudi. Mtaro ulio mbele ya kibanda changu uliziba kabla ya hio sherehe na mpaka leo umeziba, mvua ikinyesha naanza kuinua marobota juu ya meza. Nalipa ushuru wa kanjo kila asubuhi na risiti ninazo kwa mkebe. Nataka tu kujua hio pesa ya kuwa jiji inatoka Nairobi lini, ama ishaliwa? – Mama Marobota, Eldoret*

Sijambo mama, pole na maji. Nitakuambia kitu ambacho hutapenda, hio pesa haijaliwa kwa sababu haikuwahi kuwepo. Jiji kwa Kenya hii ni cheo, kama vile mtu anaitwa mzee wa mtaa lakini hakuna mshahara. Katiba inagawa pesa kwa ngazi mbili tu, serikali ya kitaifa na kaunti 47, basi, hakuna mahali Hazina ya Kitaifa inakaa ikaandika mgao kwa jina la Eldoret, wala Kisumu, wala Nakuru waliopata chata yao Desemba 2021. Nairobi na Mombasa wao wana bahati moja, jiji na kaunti ni kitu kimoja, kwa hivyo pesa ikifika kaunti imefika jiji. Nyinyi mko ndani ya Uasin Gishu, Uasin Gishu inapata mgao wake (mwaka wa fedha wa 2021/22 ilikuwa bilioni 8 na kitu), halafu bodi ya jiji lenu inaenda kusimama foleni moja na idara ya afya na kilimo na barabara za kule Moiben ikiomba nayo ikumbukwe kwa bajeti.

Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ndio ilipanga hivyo. Mwaka 2019 ikarekebishwa, kiwango cha kuitwa jiji kikashushwa kutoka watu laki tano hadi laki mbili na nusu, na hapo ndipo mlango ukafunguka kwenu, maana sensa ya mwaka huo iliwapata 475,716. Cheo kikaguswa, mfuko haukuguswa. Hata hio kanjo yako ya asubuhi inaingia kwanza kwa akaunti ya kaunti, haikai jijini ikingoja mtaro wako. Kwa hivyo mama ukimpata MCA wako (mwakilishi wa wadi) usimuulize Nairobi imeleta ngapi, muulize kwa bajeti ya kaunti mwaka huu bodi ya jiji imetengewa ngapi na kati ya hio ya mitaro ni ngapi, na ubebe ule mkebe wa risiti, nakuambia watu wa kaunti huwa wanaogopa risiti kuliko kelele.

*Mjomba, nimesikia kwa ile fomula ya kugawa pesa za kaunti kulikuwa na asilimia 5 ya miji. Asilimia 5 ya bilioni 370 ni bilioni 18 na nusu. Sisi watu wa miji tulionyeshwa wapi? – Mpiga Hesabu, Nakuru*

Kijana wangu hesabu yako imekaa vizuri lakini umekosea mahali pawili, na watu wengi wanakosea hapo hapo, nilishasikia hata mheshimiwa mmoja akikosea redioni.

Kwanza hizo asilimia hazikugawa zile bilioni 370 za kaunti zote kwa ujumla wake. Fomula ya tatu, ile ya kuanzia 2021/22, ilianza kwa kumpea kila mtu nusu ya alichokuwa akipata 2019/20, yaani nusu ya bilioni 316.5, ndio bilioni 158 na robo hivi. Kilichobaki, bilioni 211 na kitu, ndicho kiliwekwa kwa mizani: idadi ya watu 18, afya 17, kilimo 10, miji 5, umaskini 14, ukubwa wa eneo 8, barabara 8, na 20 ile ya kila kaunti sawa. Kwa hivyo ile 5 ya miji ni kama bilioni 10 na nusu, sio 18.

Kosa la pili ndilo kubwa. Hio 5 ni ya kupimia tu. Kaunti yenye watu wengi wanaoishi mjini ilihesabiwa juu kidogo hapo ikapata zaidi, ikishapata imepata, pesa imefika bila lebo. Gavana anaweza kupimwa kwa wagonjwa wake halafu akaenda kununua magari, na bunge la kaunti likipitisha hajavunja fomula yoyote. Watu hudhani fomula ni kama mama anayegawa chakula akisema hii ya mtoto, hii ya mgeni, hii ya baba, kumbe yeye anakata tu mkate vipande 47 akatoka jikoni, nani atakula nini huko nyumbani kwake hajui.

Pesa iliyokuja ikiwa na lebo ya miji kweli ni ile programu ya kusaidia miji, KUSP, iliyotoka Benki ya Dunia, dola milioni 300, ilipitishwa 2017, miji 59 katika kaunti 45, Nairobi na Mombasa zikaachwa nje. Pale waligawa kwa idadi ya watu wa mji wenyewe lakini kwanza mji uonyeshe uko tayari, una chata, una bodi, una meneja aliyeajiriwa, una mpango ulioandikwa. Kaunti ambazo kwa miaka zilikuwa zinakwepa kuunda bodi za miji (gavana gani anataka kugawana na mtu) ghafla zikaunda, kwa sababu bila bodi hakuna dola. Mimi siwapendi sana wale jamaa wa mikopo lakini hapo waliwabana vizuri.

*Mjomba nisaidie kabla sijaandamana. Mimi naishi Pipeline, Nairobi, gorofa ya sita, maji yanakuja siku mbili kwa wiki. Nimeona mtandaoni kwamba mtu wa Lamu anapewa pesa mara tano ya mtu wa Nairobi. Hii ndio haki? – Wa Gorofa ya Sita*

Dadangu umeona ukweli, nimeihesabu pia. 2021/22 Nairobi ilipewa bilioni 19.2 na Lamu bilioni 3.1. Sensa ya 2019 Nairobi ni watu 4,397,073, Lamu 143,920. Ukigawanya wewe unapata kama shilingi 4,400 kwa kichwa, mtu wa Lamu 21,600 hivi. Karibu mara tano.

Inatoka wapi? Chukua tu ile asilimia 20 ya kila kaunti sawa. Ni bilioni 42 na kitu, ugawe kwa 47, kila kaunti inapata kama milioni 900. Hizo milioni 900 ukizigawia watu wa Nairobi kila mmoja anapata kama 205, hata kuku huwezi kununua, ukizigawia watu wa Lamu kila mmoja 6,260. Na hio haijawekwa kwa ubaya, ni kwamba gavana ni gavana, bunge la kaunti ni bunge, ofisi na makarani na mafuta ya magari lazima yawepo iwe una watu laki moja au milioni nne.

Halafu kuna mahitaji yenyewe. Mimi niliwahi kupanda boti kutoka Lamu mjini kwenda Faza, ndani kulikuwa na nesi amekumbatia kisanduku baridi cha chanjo kwa magoti, tukafika mkondo wa Mkanda maji yamekupwa, boti ikakaa. Tukangoja maji yajae, jua juu, mikoko kushoto na kulia, yule nesi kila saa anafungua kidogo anagusa barafu anafunga. Chanjo sitini hivi alisema. Sasa hizo chanjo sitini Pipeline unazishusha kwa bodaboda dakika ishirini, shilingi mia. Hio tofauti ndio watu wa Lamu wanalipwa, sio uvivu.

Lakini sijamaliza, usinikasirikie bado. Hasira yako ndiyo ile ile iliyolipuka 2020, ile ya shilingi imfuate mtu aliko, wenye watu wengi wakasema tugawe kwa vichwa, wenye ardhi kubwa na watu wachache wakakataa, Seneti ikavunja vikao kuanzia Julai mpaka Septemba, Agosti maseneta watatu wakakamatwa na polisi siku moja, kaunti zikawa zinatishia kufunga hospitali kwa sababu hela haijatoka. Na unajua ilimalizwaje? Walikubali fomula mpya ingoje mpaka kapu liongezwe kutoka 316.5 hadi bilioni 370 ndio asipatikane hata mmoja wa kupunguziwa. Yaani ugomvi haukusuluhishwa, ulilipwa.

Na kuna kitu watu wa Nairobi hamkisemi. Jiji lenu linakusanya zaidi ya bilioni 10 kwa mwaka lenyewe, pakingi, reti za ploti, leseni, mabango. Lamu kwa mwaka haifiki hata bilioni moja. Fomula ya Kenya inapouliza mahitaji yako ni gani haigeuki kuuliza na wewe mfukoni una ngapi. Siku itakapouliza, dadangu, hizo 4,400 zako sijui zitabaki ngapi. Msidai sana haki ya fomula bila kusoma barua inayofuata.

*Mjomba salamu kutoka Minnesota, Marekani, huku tuko Wakenya wengi, mimi nafanya kazi ya kutunza wazee. Kila Novemba tunaletewa barua ya kodi ya nyumba ya mwaka unaokuja. Mwaka huu jirani mzungu akaniambia mji wetu unapata pesa kidogo tu kutoka kwa jimbo, Edina pale karibu hawapati hata senti, na Duluth wanapata nyingi sana. Nikauliza kwa nini, akasema ni fomula. Nikacheka nikakumbuka nyumbani. Hebu ifafanue, na mbona sisi hatuigi? – Wa Baridi*

Wa Baridi umeniletea barua tamu kuliko zote, hii nimeisoma mara tatu. Huo mpango wenu ulizaliwa 1971, na leo ni moja ya sehemu ambapo wamekaa chini wakaandika kwa herufi kubwa: hesabu mahitaji, ondoa humo uwezo wa mji kujikusanyia, pengo linalobaki ndilo tunalisaidia.

Mahitaji hawaulizi meya, kwa sababu meya ukimuuliza anahitaji kila kitu. Wanaangalia alama ambazo mtu hawezi kuzibuni. Kwa mfano asilimia ya nyumba zilizojengwa kabla ya 1940, maana mji wenye nyumba kuukuu una mabomba kuukuu na barabara kuukuu na kodi isiyokua. Kwa miji ya ukubwa wa kati wanaangalia pia kama ulishawahi kuwa na watu wengi kuliko sasa, kwa sababu watu wakihama lami na mitaro haihami nao, wachache waliobaki wanatunza mji uliojengewa wengi. Duluth, bandari ya zamani ya chuma, iko kundi la miji mikubwa, yenyewe inahesabiwa kwa zile nyumba kuukuu. Na wanatenganisha miji mikubwa, ya kati na midogo, kila kundi na mizani yake.

Uwezo sasa, hapa ndipo nilipoweka kalamu chini. Hawaondoi kile mji ulichokusanya, wanaondoa kile mji ungekusanya kama ungetoza nyumba na majengo yake kwa kiwango cha wastani cha jimbo. Tuseme mfano wa kubuni: mji wa kwanza unahitaji dola 700 kwa kichwa, ukitoza kwa wastani unapata 500, pengo 200. Mji wa pili unahitaji 600, lakini una majumba ya kifahari na maofisi ya vioo, ukitoza kwa wastani unapata 900, pengo hakuna, msaada sifuri, huyo ndiye Edina. Na meya wa mji wa kwanza akiamua kushusha kodi apendwe kwa uchaguzi, jimbo linasema sawa, lakini pengo lako bado ni 200, hio nyingine jijazie. Akijikaza akatoza zaidi, haadhibiwi. Mtu hawezi kupata zaidi kwa kuwa mvivu. Nilipiga meza.

Msiwaone malaika pia. Pesa hazitoshi pengo lote kwa hivyo kila mji unajaziwa sehemu tu, na kuna kinga kwamba mji hauwezi kushushwa kwa kishindo mwaka mmoja, kwa hivyo na wao historia inakula kwenye hesabu kama sisi na ile nusu yetu ya 2019/20. Bajeti ya jimbo ikibana miji nayo hukatwa, ilitokea 2003, ikatokea Desemba 2008. Kwa kawaida hela hutumwa mara mbili, Julai 20 na Desemba 26, na kwa mwaka 2024 kapu liliongezwa dola milioni 80 na mizani ikarekebishwa. Hiyo tarehe ya kujulikana nayo si kitu kidogo, gavana wa huku angetoa ng'ombe apate tarehe moja tu ambayo haisogei.

Mbona hatuigi? Kwa sababu ili uuondoe uwezo kwenye hesabu lazima uujue. Huko kwenu mthamini anapitia thamani ya nyumba yako kila mwaka. Huku Nairobi kitabu cha kuthamini ardhi kilichotumika mpaka majuzi ni cha miaka ya 80. Mimi nina ploti aliyotuachia marehemu mzee, sitasema mji gani, ilikuwa shamba la mahindi na sasa jirani wangu wa kushoto ni petroli stesheni na wa kulia ni jengo la gorofa saba, na reti ninayolipa kwa mwaka haifiki bei ya mbuzi. Sijalalamika, ningelalamika vipi. Lakini wewe mtu wa fomula ukija kutafuta uwezo wa mji wangu kwa hicho kitabu utaandika kwamba sisi ni maskini wa kutupwa.

Basi ukikosa thamani unabaki na makusanyo, na hapo unaanguka kwenye shimo: ukimkata kaunti kwa kile alichokusanya, mwaka ujao hatakusanya. Sisi tulijaribu kinyume chake, fomula ya kwanza na ya pili ziliweka asilimia 2 ya zawadi kwa wanaojitahidi, ya tatu ikaifuta. Tume ya Ugavi wa Mapato ikarudi na wazo lingine kwa fomula ya nne, waliita umbali wa kipato, kipato cha kaunti kwa kichwa kiko mbali kiasi gani na cha kaunti tajiri, wakapendekeza lipewe 13. Hapo tulikaribia kitu cha Minnesota, si nyumba kwa nyumba, lakini angalau uwezo ulikuwa umeingia chumbani. Ilipopita 2025 wazo halikuwemo: watu 45, mgao sawa 35, umaskini 12, eneo 8, na kila kaunti ikaanza na alichokuwa nacho mwaka uliopita, mizani mipya ikagawa nyongeza tu. Nilisikitika, nasema wazi. Mgao sawa wa 35 unapendeza kila seneta kwa sababu kila seneta anarudi nyumbani na kitu, ila ndio mzani usiojua lolote kuhusu mahali popote, si mahitaji wala uwezo.

*Shikamoo Mjomba, na huku Bongo je? Halmashauri zetu nazo zinapimwa? – Msomaji, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Zilipimwa tena mapema kuliko sisi, 2004/05 ruzuku ya maendeleo kwa halmashauri ilianza kugawanywa kwa asilimia 70 idadi ya watu, 20 umaskini, 10 ukubwa wa eneo. Na kulikuwa na mtihani kila mwaka, hesabu zimekaguliwa, vikao vimefanyika, halmashauri ikifeli inanyimwa hela za ujenzi inapewa tu kidogo za kujifunza. Uzuri wake uliona, ubaya wake pia unaujua, wanaofeli mtihani mara nyingi ndio wale wale wenye shule za nyasi, kwa hivyo mtoto wa kule anakosa darasa kwa sababu mhasibu hakufunga vitabu.

Upande wa uwezo huko kwenu ni hadithi nyingine. Kodi ya majengo, ambayo ndio nguzo ya mji wowote ule, 2016 ilihamishiwa TRA (mamlaka ya mapato ya taifa), na tangu Agosti 2021 mnakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), ilianza na elfu moja kwa mwezi nyumba ya kawaida. Shangazi yangu yuko Nyegezi, amepanga chumba na sebule, mita iko kwa jina lake. Akinunua umeme wa elfu tano anakatwa kwanza kodi ya jengo ambalo sio lake, anampigia mwenye nyumba, mwenye nyumba anasema tutaongea mwisho wa mwezi.